Mlango Mdogo wa Mama Stuli

Kosa ambalo watu wengi hulifanya, wakisikia mfanyabiashara mdogo ameshindwa kurejesha mkopo, ni kuuliza kwanza pesa kazipeleka wapi. Kaolea? Kajengea? Kazinywa? Swali hilo lina utamu wake, kwa sababu anayeliuliza hubaki msafi. Mwenzetu anayestaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi katika halmashauri hii, alikuwa na swali lake jingine. Akiletewa faili la mkopo uliokwama, aliuliza: wateja wake wanapita wapi?

Wengi mnamfahamu kwa jina la Mama Stuli, na wapo vijana wa masijala wasiojua kwamba kwenye hati ya mshahara ana jina jingine. Ni afisa wa biashara ndogo, na kwa muda mrefu ndiye msimamizi wa mfuko wetu wa mikopo ya mafundi na wachuuzi. Leo pia ndiyo siku ya kufunga mwaka wa fedha. Wahasibu wanalalamika kwamba ni yeye tu angeweza kuchagua kuaga siku ambayo mhasibu hana hata nafasi ya kulia.

Kabla ya kumsifu, kuna jambo moja linasubiri. Nyuma ya jengo letu, upande wa maegesho, ukutani kuna mlango mdogo wa chuma uliopakwa rangi ya kijani. Mama Stuli ndiye aliyeufungua kila asubuhi na kuufunga kila jioni. Utawala umeshatoa tangazo: asipopatikana mtumishi wa kuwajibika kwa ufunguo kufikia mwisho wa siku ya leo, mlango utazibwa kwa matofali. Kwa mgeni hilo ni jambo dogo. Kwa mafundi wa Soko la Chini ni riziki, na ndiyo sababu wasifu huu utamtaja mtu na mlango pamoja.

Alianza kazi akiwa karani wa ushuru wa soko, msichana mwembamba mwenye kitabu cha stakabadhi. Fundi viatu wa Soko la Chini, tunayemwita Babu Gundi, anakumbuka alivyomdanganya kwamba mafundi viatu hawatozwi ushuru siku za Jumanne. Msichana aliamini karibu mwezi mzima. Alipogundua hakumshtaki, alimletea viatu vyake vyote kutoka nyumbani, na vya jirani, siku ya Jumanne, akamwambia kwamba siku hiyo hata mteja halipi. Babu Gundi alishona, akacheka, akalipa ushuru wa nyuma. Urafiki wao ulianzia hapo.

Baadaye alisoma masomo ya jioni, akapata stashahada ya uhasibu, akahamishiwa ofisi ya biashara ndogo. Huko ndiko alikoipata stuli.

Miaka ya mwanzo, akimtembelea mkopaji, alipewa kiti kizuri kuliko vyote. Mgeni ni mgeni, na mgeni wa serikali ni mgeni mara mbili. Siku moja kwa kinyozi alikaa akazungumza weee, mpaka akang'amua kwamba kiti alichokikalia ndicho kiti cha kunyolea, na wateja wawili wamekwisha kuchungulia na kwenda zao. Alirudi ofisini ameona haya. Kesho yake alimwendea seremala akamtengenezea stuli ya kukunja, miguu ya mbao, kikalio cha turubai. Tangu hapo hakukalia tena kiti cha mtu. Aliibeba stuli kwapani kama wengine wanavyobeba mkoba, akaifungua pembeni, upande wanakosimama wateja, akakaa kimya hadi watu wakamsahau.

Stuli hiyo ilikuwa na ndoano ambayo usipoifunga inakuumbua. Mwenyekiti wa kamati ya fedha aliwahi kuikalia bila kuiuliza, ikajikunja naye. Aliinuka akijipangusa, akasema kwa utulivu kwamba hicho ndicho kiti pekee cha halmashauri ambacho hakijawahi kugombewa.

Alikuwa na mazoea mengine: hakuondoka kwa fundi bila kununua kitu au kutengenezewa kitu. Mumewe, muuguzi mstaafu mwenye subira nyingi, anasema nyumbani kwao kuna mafagio ya kutosha kufagia wilaya, na viatu vyake hushonwa kabla havijachanika. Binti yao mkubwa alihitimu chuo akiwa amevaa gauni lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, maana mama yake alitaka kumpa kazi mwanafunzi wa ushonaji. Katika picha zote za siku ile binti ameshika kiuno kwa mkono mmoja. Ndugu walidhani ni madaha.

Sasa tufike kwenye ukuta.

Miaka kumi na miwili iliyopita baraza lilitenga fedha za kujenga ukuta kuzunguka viwanja vya ofisi hizi. Sababu zilikuwepo. Betri za magari zilikuwa zikiibwa, na mbuzi walikuwa wakiingia hadi masijala, ambako walionyesha kupendelea mafaili ya ardhi. Mhandisi alijenga ukuta ulionyooka, imara, kwa gharama iliyopungua makadirio, akapongezwa kwa haki. Jambo ambalo halikuandikwa katika kikao chochote ni kwamba watu waliotoka kituo cha afya na shule ya msingi walikuwa wakikatiza uwanjani kwetu, nyuma ya maegesho, na kushukia Soko la Chini. Haikuwa barabara, wala ramani haikuionyesha, lakini nyasi zilikuwa zimekoma kuota pale tangu enzi za waliotutangulia.

Soko la Chini nalo, kwa asiyelijua, ni uchochoro mmoja wa mafundi: viatu, cherehani, bati, redio, kuchomelea. Mtu hafungi safari kwenda kushona kisigino. Hupita, hukumbuka kiatu chake, husimama. Fundi mdogo anaishi kwa watu wanaopita wakakumbuka.

Ukuta ulipokamilika, marejesho ya mikopo ya uchochoro ule yakaanza kulegea. Ni haki kusema kwamba hata Mama Stuli alianza kwa kukosea. Alidhani mitaji imekonda, akapendekeza mafundi waongezewe mkopo juu ya mkopo. Wakaongezewa. Vitambaa vikanunuliwa, soli zikanunuliwa, vikakaa. Mkopo humsaidia fundi mwenye wateja wengi na kitambaa kidogo. Ukimpa fundi asiye na wateja, unatia maji kwenye pakacha, na baadaye unamdai maji yako. Msemo wetu kwamba mali bila daftari huisha bila habari ni wa kweli kabisa. Lakini wapo watu wenye daftari safi ambao mali yao huisha na habari zake wanazo.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa mshonaji mmoja, mjane, ambaye uchochoro mzima ulimwita Mama Pindo kwa jinsi mapindo yake yalivyonyooka. Alikuwa akilea wajukuu wawili, na cherehani yake ndiyo iliyokuwa baba na mama wa watoto wale. Cherehani hiyohiyo ndiyo iliyokuwa dhamana ya mkopo. Kamati ya mfuko ilipokutana, mweka hazina, mtu mnyoofu ambaye hajawahi kuchukua hata kalamu ya ofisi, alisema sheria ni sheria: vifaa vya wasiolipa vikusanywe, viuzwe, mfuko upone. Tusimlaumu. Fedha ile ilikuwa ya umma, na mfuko ukifa unawanyima wengi ambao bado hawajakopa.

Mama Stuli aliomba apeleke notisi kwa mkono wake mwenyewe. Alikwenda na stuli, akakaa upande wa wateja, kama kawaida yake, asubuhi ile yote. Mteja hakuja. Lakini kengele ya shule ilipolia, alisikia watu. Alisikia wazazi wakiwaita watoto, akasikia wanawake waliotoka kliniki wakilalamikia foleni, sauti zikiwa karibu kiasi kwamba aliwatambua wawili kwa vicheko vyao. Wote walikuwa upande wa pili wa ukuta, wakipandisha kwenda barabara kuu. Aliwasikia watu, na uchochoroni hakumwona hata mmoja.

Alimuuliza Mama Pindo kama akiongezewa muda itamsaidia. Mama Pindo alikuwa akikunja kitambaa ambacho kilishakunjwa. Hakuinua macho.

"Mwanangu, mkopo nimeshiba," alisema. "Niletee watu wapite."

Notisi ilirudi ofisini mkobani mwake. Katika kikao kilichofuata alieleza alichokisikia, na kwamba halmashauri imetoa mkopo kwa mkono mmoja na kuziba njia kwa mkono wa pili, na mikono hiyo haijawahi kusalimiana. Mweka hazina alimjibu kwa upole, lakini alimjibu: "Dada, hapa hatugawi sadaka."

"Sadaka siombi, kaka," alisema Mama Stuli. "Naomba mlango."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Mhandisi, ambaye angeweza kununa kwa kuwa ukuta ulikuwa wake, aliomba karatasi akaanza kuchora palepale. Aliuliza mambo mawili tu, upana na kimo. Mama Stuli akamwambia mtu mwenye mzigo kichwani asilazimike kuinama. Hata mweka hazina, ambaye hakubadili neno lake kuhusu sheria, alisogeza mbele tarehe ya kukusanya vifaa hadi mwisho wa mwaka ili, kwa maneno yake, aone kama mlango unaweza kulipa deni. Aliyeutengeneza ni fundi wa kuchomelea wa uchochoro uleule, na malipo yake yalikatwa moja kwa moja kwenye mkopo aliokuwa akidaiwa.

Ililetwa shida moja na watu wa ulinzi, na haikuwa ya ubishi: mlango usio na mwenyewe ni mwaliko kwa mwizi. Walitaka mtumishi mmoja, kwa jina na saini, aufungue asubuhi na kuufunga jioni, Jumatatu hadi Jumamosi, na kikiibwa kitu aulizwe yeye. Ukumbini wengine wakagundua ghafla kwamba kalamu zao zina kasoro. Mama Stuli aliandika jina lake.

Ni vizuri tusidanganyane kuhusu kilichofuata, maana katika sherehe kama hizi kila mti hupandwa ukazaa siku hiyohiyo. Watu walirudi taratibu, wakiingia kwa lango kuu na kushukia mlango mdogo. Kwanza wanafunzi, halafu mama zao, halafu viatu vya baba zao. Kabla mwaka haujaisha Mama Pindo alikuwa analipa tena, kidogo kidogo, na cherehani haikuondoka mahali pake. Lakini fundi bati, ambaye masufuria yake wengi wetu bado tunayapikia, alikuwa ameshafunga virago kabla mlango haujafunguliwa, na hakurudi. Kila tulipomsifu Mama Stuli kwa ajili ya mlango, yeye alimtaja fundi bati. Alisema tulimchelewea.

Kwa watakaotufuata, naomba tulieleze somo hili polepole. Tunapojadili bajeti, tuna vifungu vya kusaidia maskini na vifungu vya mambo mengine: ukuta, mtaro, kituo cha mabasi, taa. Tukishapitisha kile cha kwanza tunajisikia tumemaliza wema, tunavipitisha vingine kama mambo ya saruji tu. Kumbe mfukoni mwa fundi mdogo fedha zote za umma ni za kumsaidia au kumwumiza. Taa ya barabarani inaweza kumwongezea mwuza mboga saa za kuuza. Kituo cha mabasi kikihamishwa hatua chache kinaweza kufunga vibanda kumi bila mtu yeyote kukusudia. Na maskini hana pa kujiegemeza. Tajiri akikosa wateja wiki nzima husema biashara imelala. Maskini akikosa siku mbili, wanaolala ni watoto, tena bila kula. Mama Stuli aliyasema haya kwa kifupi zaidi. Tunaambiwa penye nia pana njia, alisema; sisi nia tulikuwa nayo, njia tukaijengea ukuta.

Kutokana na hayo, leo hakuna mradi wa ujenzi unaopita idara ya mipango bila mtu kwenda kukaa mahali penyewe asubuhi nzima na kujibu swali lake la watu wanapita wapi. Ni kutokana na yeye pia kwamba madawati ya shule hayanunuliwi tena kwa zabuni moja kubwa ambayo seremala wa kawaida hawezi hata kuisogelea. Yaligawanywa mafungu madogo, shule kwa shule, na malipo yakawekewa ukomo wa muda, kwa kuwa fundi hapiki ahadi. Seremala aliyelipwa kwa wakati alikwenda kwa Mama Pindo kushonesha sare za wanawe. Mama Pindo akapeleka kiatu kwa Babu Gundi. Babu Gundi, ikiwa si Jumanne, akalipa ushuru. Pesa ileile ya halmashauri ilizunguka uchochoro mzima ikarudi nyumbani imechoka lakini imefanya kazi.

Na miaka yote hii mlango ulifunguliwa. Akienda likizo, alimkabidhi mwenzake ufunguo kwa maandishi. Mara moja tu mambo yaliharibika, alipoamka na homa kali na hakupatikana mtu. Mumewe alikuja kuufungua akiwa na ndara miguuni na kikombe cha chai mkononi, akafanya hivyo hadi mkewe alipopona. Wakaguzi walituandikia hoja: kwa nini mtu asiye mtumishi ameshika ufunguo wa serikali? Tulijibu kwamba ni kweli si mtumishi, ndiyo maana hakudai posho. Hoja ikafungwa.

Mama Stuli anaondoka akiwa na afya, wajukuu watatu na mipango michache. Alipoulizwa kama atafungua biashara, alisema hapana, anazijua mno. Stuli yake ameiachia ofisi ya biashara ndogo, na ndoano imetengenezwa upya, mwenyekiti asiwe na wasiwasi. Sisi tumemchangia kiti chenye mgongo na mikono, kazi ya seremala wa Soko la Chini, kwa kuwa mtu aliyekaa miaka mingi bila pa kuegemea anastahili siku moja aegemee.

Mama Stuli, asante. Tumejifunza kwako kwamba huruma nayo ina ufundi wake, na kwamba fundi hujulikana kwa mahali anapokaa kutazama. Mgongo wako upate mapumziko, nyumba yako isipungue vicheko, na kila njia utakayoishika uikute wazi.

Limebaki lile jambo letu. Wiki iliyopita Mama Pindo alipanda hadi hapa, kwa mlango huohuo, akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Macho yake yamechoka. Mjukuu ndiye anayekaa kwenye cherehani sasa. Hakuja kuomba mkopo. Aliwasalimu walinzi, akauliza: "Jumatatu atafungua nani?"

Kazi iliyobebwa na mtu mmoja miaka yote hiyo si lazima ibebwe tena na mmoja. Utawala umekubali majina sita, kila mtu siku yake, na karatasi iko kwenye meza ya mlinzi wa lango pamoja na ufunguo. Jumamosi, siku ambayo kila mtu angeikwepa, imekwisha kuchukuliwa: mweka hazina aliandika jina lake jana asubuhi, bila kumwambia mtu. Zimebaki tano. Leo, kabla hujatoka langoni, simama kwa mlinzi, chagua siku yako, uandike jina.